Fungu la Mboga la Kila Juma

Sisi wa mashamba ya chai huku Kivu hupokea fungu letu la mboga kila Jumamosi kutoka kwa wakulima jirani. Zamani, ikifika Jumatano nusu ilikwisha oza, na mshahara bado u mbali. Sasa tunaanza na lengalenga, maana hunyauka upesi. Kabichi hungoja hadi Alhamisi.

Sombe tunaitwanga Jumapili, siku ya mapumziko, na kuichemsha kwa muda mrefu, sufuria wazi, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu. Nyumba moja waliipua mapema kwa kuogopa kumaliza makaa. Watoto wakatapika usiku kucha. Tangu hapo nyumba nne tunachangia gunia moja la makaa, na sombe yote inapikwa jiko moja.