Walinitoa Uvimbe Kichwani, Nikarudi Nyumbani Sina Maneno

Wengi hudhani ukitoka chumba cha upasuaji salama, mambo yamekwisha. Mwenzenu nasema hapo ndipo ndoa yangu ilipoanza kupimwa.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa kichwa, mume wangu aliniinamia kitandani akaniuliza nataka nini. Nilikuwa na kiu ya kufa mtu. Neno nilikuwa nalijua, nalihisi liko mdomoni, lakini halitoki. Nikahangaika, nikahangaika, mwisho nikasema, "Minzi."

Akamgeukia mama yangu. "Mama, anasema nini?"

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Anataka maji, baba. Hicho Kinyamwezi."

Mume wangu ni Mzaramo wa Kisarawe. Tulikutana Tabora mjini, kazini, tukaoana, tukapata mtoto mmoja. Miaka minne ya ndoa yote tumeongea Kiswahili, na Kinyamwezi alichokijua yeye ni kile cha kutaniana tu. Siku ile nikamwona anakunywa mate. Mke wake alikuwa hai, lakini alikuwa anaongea na mtu mwingine.

MAUMIVU YA ASUBUHI

Msomaji mpenzi, uvimbe wangu haukuja na kelele. Ulianza na kichwa kuuma alfajiri, kupungua nikishaamka, na mara nyingine kutapika. Nikapima malaria, hakuna. Nikapima mimba, hakuna. Kwenye zahanati moja nikaambiwa ni stresi za kazi, nipumzike. Nikanunua miwani. Nikameza paracetamol kama karanga.

Halafu maneno yakaanza kunikimbia. Ofisini nikawa nasema "niletee kile... kile cha kubania karatasi", wenzangu wanacheka, na mimi nacheka. Hatukujua tunachekea nini.

Siku moja mchana mkono wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, nimejing'ata ulimi, na mtu ananisukumia kijiko mdomoni. Habari zikafika kijijini kabla yangu. Mama mdogo akasema ni mapepo, nipelekwe kwa mganga. Mume wangu, kwa heshima zote, akamjibu: "Mama mdogo, tupige picha ya kichwa kwanza. Mganga hakimbii."

Picha ikaonyesha uvimbe upande wa kushoto, mkubwa kama yai la kuku. Daktari alisema unaonekana kuwa meninjioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Mara nyingi si saratani, hukua polepole, na huwapata zaidi wanawake. Lakini fuvu la kichwa halitanuki. Kitu kikikua mle ndani lazima kibane kingine, na wangu ulikuwa unabana sehemu ya maneno.

Tukaenda Dar es Salaam. Hapa nchini upasuaji wa namna hii umekuwa ukifanyika kwa miaka mingi kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Jina lisikuchanganye, pamoja na mifupa wanashughulika na ubongo na mishipa ya fahamu. Bugando kule Mwanza nako upasuaji wa ubongo hufanyika.

Mama yangu hakusahau kisa cha Novemba 2007, kilichotikisa nchi nzima, cha wagonjwa wawili wa jina moja waliobadilishwa Dar es Salaam. Wa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Basi kila aliyevaa koti jeupe mama alimsimamisha: "Mwanangu huyu ni nani, na mnampasua wapi?" Mimi naona aibu, yeye hajali. Leo namshukuru. Jina lako na upande wa ugonjwa wako, yataje hata mara kumi.

KAMBI HADI KAMBI

Nyuzi zilipotolewa tukakubaliana nikauguzwe kwa mama, Kigwa, kule Uyui. Mume wangu angebaki mjini na kazi, aje kila Jumamosi. Mtoto nilienda naye.

Kigwa ipo kwenye ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Stanley alipita hapo Juni 1871, siku chache kabla ya kuingia Kwihara. Wapagazi wengi walikuwa mababu zetu Wanyamwezi, watu wa kubeba mizigo ya kilo thelathini na ushei miezi kwa miezi. Babu yangu mdogo, mzee wa visa, aliponiona nalia kwa sababu nimetembea hatua ishirini tu nikachoka, akaniambia: "Mjukuu wangu, hakuna aliyefika Ujiji kwa siku moja. Walikwenda kambi hadi kambi. Leo kambi yako ni pale kwenye mwembe."

Basi nikafika kwenye mwembe. Wiki iliyofuata, kisimani. Baadaye, barabarani.

Ule uchovu, jamani, haufanani na uchovu wa kazi. Ni kama mtu amekuchomoa kwenye umeme. Kuzungumza na wageni watatu kulinilaza mchana kutwa. Kovu liliwasha, ngozi juu yake ilikufa ganzi, na taya liliuma nikitafuna michembe kwa sababu msuli wa kutafunia ulikatwa wakati wa kufungua fuvu. Mara nyingine nilisikia kichwani kitu kinabofyabofya. Daktari alinieleza ni kawaida, vinakwisha, na fuvu lenyewe huchukua miezi mingi kuunga. Kwa hiyo marufuku kubeba ndoo kichwani.

Mwanamke mzima, kijijini, habebi maji. Wifi mmoja aliyekuja kunisalimia alisema, "Mwenzetu amerudi mgeni." Alitania, lakini liliniingia.

Maneno yakawa yanarudi kwa mpango wao wenyewe. Kinyamwezi cha utotoni kilitangulia, Kiswahili kikafuata, kile cha ofisini kikawa cha mwisho. Wataalamu wanajua jambo hili, kwamba kwa mtu wa lugha zaidi ya moja, lugha hazirudi lazima kwa pamoja. Kila jioni mama alinishikisha kitu, kijiko, kanga, hindi, nikitaje kwa lugha zote mbili. Mwanangu wa miaka mitatu akadhani ni mchezo, akawa mwalimu msaidizi. Mkali kuliko bibi yake.

"MKE NILIYEMUOA HAJARUDI"

Sasa nifike kwenye lile ambalo wengi hatulisemi.

Wiki za kwanza nilikuwa kwenye deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo. Dawa hii hupunguzwa taratibu, haikatizwi ghafla. Ilinipa njaa ya ajabu, ikaninyima usingizi, uso ukawa mviringo kama sahani. Ilipokwisha nikabaki na dawa ya kuzuia kifafa, levetirasetamu. Na hasira. Mimi niliyekuwa mpole, nilimrushia mume wangu bakuli la mlenda kwa sababu alimalizia sentensi yangu.

Hakunijibu. Akafuta ukuta. Na utani wake ukaisha. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, nyumba yetu ilijaa utani kutwa. Sasa akija Jumamosi anauliza nimekula, nimemeza dawa, basi. Usiku analala kwenye mkeka sebuleni, anasema asije akanigonga kichwa.

Usiku mmoja nikamsikia nje anaongea na kaka yake kwenye simu: "Kaka, mke niliyemuoa hajarudi kutoka Dar. Sijui nimsubiri au nimzoee huyu."

Sikulala. Asubuhi nilitaka kumwambia maneno mia, nikapata matatu: "Mimi. Nimo. Humu." Nikajigonga kifuani. Akakaa chini akalia kama mtoto. Kumbe miezi yote ile alikuwa mwoga. Aliogopa kunigusa, aliogopa kunikosea, aliogopa kwamba akicheka itaonekana hana huruma. Alikuwa ameuza kiwanja chetu kwa ajili ya safari na matibabu, na hakuthubutu kuniambia.

Kliniki iliyofuata tuliingia wote wawili, na alichoona nyumbani akakieleza yeye. Daktari hakushangaa. Alisema ile levetirasetamu kwa baadhi ya watu huleta hasira, na ubongo uliofunguliwa huchelewa kutulia. Akanibadilishia taratibu kwenda kabamazepini. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kujitambua. Fikiria, dada, tungeweza kuachana kwa sababu ya kidonge.

Tukamuuliza na lile swali la aibu, maana hakuna aliyetuambia. Jibu lilikuwa kwamba tendo la ndoa halikatazwi, mnaanza pale mwenye kupona anapojisikia tayari, bila haraka. Mkeka wa sebuleni ukakunjwa.

UZAZI WA MPANGO USIUSAHAU

Nilikuwa na kipandikizi mkononi. Kabamazepini, kama ilivyo fenitoini, hupunguza nguvu ya vipandikizi na vidonge vya uzazi, kwa hiyo unaweza kubeba mimba ukidhani umejikinga. Muuguzi mmoja akapendekeza sindano ya miezi mitatu. Daktari akakataa kabisa kwa mtu wa historia yangu.

Sababu ni hii. Mwaka 2024 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Ufaransa uliochunguza wanawake zaidi ya 18,000 waliopasuliwa meninjioma. Ilionekana kwamba kuchoma sindano hiyo kwa mwaka mmoja au zaidi kunahusiana na uwezekano wa mara tano na ushei wa kupasuliwa uvimbe huu. Usikimbie kuacha. Uvimbe wenyewe ni adimu, na wengi wanaochoma sindano hawaupati kamwe. Lakini kama umewahi kuwa nao, mwambie anayekuhudumia. Sisi tulichagua kitanzi cha shaba.

Na kama mnataka mtoto, ongeeni na daktari kabla ya mimba. Baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta kifafa kibaya. Sisi tumeahirisha. Inaniuma, sitaficha.

KAMA UNAMUUGUZA MWENZAKO

• Akipata kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usiweke chochote mdomoni, tazama saa. Kikizidi dakika tano, hospitali.
• Rudi hospitali haraka ukiona homa na shingo kukakamaa, maji mepesi yanayotoka puani au kwenye kidonda, kichwa kinachozidi kuuma, kusinzia kusiko kawaida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.
• Usimmalizie sentensi. Subiri. Akikwama aonyeshe kwa kidole.
• Dawa zisikatike hata siku moja, na asiendeshe gari wala pikipiki mpaka daktari aruhusu.
• Nenda naye kliniki. Mgonjwa huwa haoni kila kilichobadilika kwake.
• Na wewe unayeuguza, tafuta wa kumwambia unaogopa. Ikiwezekana, aanze kuwa yule unayemuuguza.

Sasa ni mwaka wa pili. Picha za marudio hazijaonyesha uvimbe kurudi, na nitaendelea kupigwa. Nimerudi kazini, kwanza nusu siku, sasa siku nzima, ingawa mikutano mirefu bado inanilaza. Nikichoka maneno hukimbia. Mume wangu naye anajifunza Kinyamwezi, na hukosea kila siku. Ananiambia "mwangaluka" jioni.

Likizo iliyopita tulikuwa Kigwa. Maji yalipoisha nikanyanyua ndoo kwa mazoea, nikakumbuka, nikaiweka chini. Mume wangu akaikunja kanga yangu ikawa kata, akaiweka kichwani, akaenda kisimani. Alirudi ameloa hadi viatu, nusu ya maji imebaki njiani, wanawake wa mtaa mzima wako nje wanashangilia.

"Tazameni!" nikapaza sauti, na maneno yalikuja yote bila kuitwa. "Mzaramo amekuwa mpagazi wa Wanyamwezi!"

Akatua ndoo, akanitazama, akasema, "Mshahara wangu nalipwa na nani?"

Nilicheka mpaka kovu likauma.