Saa ya babu ikisimama, usiifungue kwa kisu

Katika jamaa nyingi za mashariki mwa Kongo, mzee akifariki vitu vyake vinagawanywa: shamba kwa huyu, nguo kwa yule, saa ya mkono kwa mtoto mmoja. Mara nyingi saa hiyo ilisimama zamani. Aliyeipokea anataka itembee tena, basi anachukua kisu, anaifungua mezani na kupuliza vumbi. Hapo anaweza kuharibu urithi, na pia kujitia katika hatari ambayo wengi hawaijui.

Hatari hiyo iko katika rangi. Saa nyingi za zamani zilikuwa na namba na mishale inayong'aa gizani. Hadi miaka ya 1960, mwangaza huo ulitoka mara nyingi kwa radiamu, madini yenye mionzi, iliyochanganywa na unga wa zinki.

Udongo wa Katanga

Kwa Wakongo, habari hii si ya mbali. Shinkolobwe, karibu na Likasi, inajulikana kwa uraniamu iliyotumiwa katika bomu la Hiroshima mwaka wa 1945. Lakini kabla ya bomu, madini ya pale yalitafutwa kwa ajili ya radiamu. Yaligunduliwa mwaka wa 1915, na tangu 1922 kampuni ya Union Minière ilitoa radiamu yake katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Kwa miaka kadhaa Ubelgiji iliongoza dunia nzima kwa radiamu, kwa sababu ya udongo wa Katanga.

Hii si kusema kwamba kila saa yenye radiamu imebeba madini ya Kongo. Inchi zingine pia zilitoa. Huko Marekani, wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani walikuwa wananyoosha ncha ya burashi kwa midomo. Wengi waliugua mifupa ya taya, na wengine walikufa katika miaka ya 1920.

Radiamu inahitaji karibu miaka 1600 ili ipungue nusu. Kwa hiyo saa ya mwaka wa 1950 ingali na karibu radiamu yake yote, hata kama haing'ai tena. Kilichochoka ni ule unga wa zinki.

Namna ya kuitambua

Angalia namba na mishale. Kama saa ni ya kabla ya miaka ya 1960 na ina rangi nzito iliyogeuka ya kahawia, ihesabu kuwa na radiamu. Herufi T chini ya uso wa saa, pembeni ya neno Swiss, inaonyesha tritiamu. Hiyo ilikuja baadaye, mionzi yake ni dhaifu, na inapungua nusu kila miaka 12 hivi.

Saa ikiwa imefungwa vizuri, kioo na kifuniko vinazuia unga usitoke. Hatari kubwa ni vumbi kuingia mdomoni au puani. Kwa hiyo usiifungue, usikwangue namba, usipulize, na usiwape watoto waichezee. Iweke mahali penye hewa, mbali na kitanda. Ukimpelekea fundi, mwambie mapema, kwa sababu yeye ndiye atakayeinama juu yake, na pengine anakula kwenye meza ileile. Kama rangi imeanza kubanduka chini ya kioo, afadhali saa ibaki kumbukumbu iliyofungwa.

Ugonjwa mkubwa ni mafuta

Saa nyingi zilizosimama hazijavunjika. Mafuta yamekauka ndani. Saa ya ufunguo inatembea kwa nguvu ya kamani, chuma nyembamba iliyojikunja, na gurudumu dogo linalokwenda na kurudi. Katika saa nyingi za zamani, gurudumu hilo linapiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde. Ukiilazimisha bila mafuta, vyuma vyake vinalika.

Dawa yake ni fundi kuifungua yote, kuosha kila kipande, kutia matone madogo ya mafuta ya saa na kuipima. Mafuta ya kupikia au ya pikipiki hayafai hata kidogo. Kazi hiyo inarudiwa kila miaka 5 hivi kama saa inavaliwa.

Kabla ya kumwachia fundi saa, piga picha mbele na nyuma kwa simu, na uandike namba yake. Mkubaliane bei na kazi. Mwombe asisugue kifuniko, kwa sababu majina na tarehe vilivyochorwa vinafutika, na asipake uso wa saa upya. Vipande vitakavyoondolewa akurudishie. Usikubali haraka kuwekewa mashine ya betri: saa itatembea, lakini ulichorithi kitabaki ganda tu.

Baada ya hapo, itie ufunguo kila asubuhi na uache inapokataa. Usiingie nayo majini wala mvuani, hata kama imeandikwa kwamba haiingizi maji, kwa sababu mipira yake imezeeka. Ukiona ukungu chini ya kioo, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo kabla ya kutu. Usiiweke juu ya spika ya redio, maana sumaku inaweza kuifanya ikimbie dakika nyingi kwa siku.

Mwisho, andika kwenye karatasi saa ilikuwa ya nani, aliipata wapi na mwaka gani, na kama ina radiamu. Mtoto atakayeirithi kesho naye atatamani kuifungua.