Kujumlisha Saa za Vipindi katika Kompyuta

Mwisho wa muhula walimu wetu wa muda hujaza saa walizofundisha katika jedwali la Excel, na malipo yao hutegemea jumla hiyo. Tatizo la kwanza ni la lugha. Sisi, sawa na wasemaji wa Kiganda, huhesabu saa kuanzia alfajiri. Kompyuta huanzia usiku wa manane. Kipindi cha saa 11:30 jioni hadi 1:30 usiku kikiandikwa hivyo hivyo, jibu huwa hasi na kisanduku hujaa alama #####. Andikeni 17:30 katika B2 na 19:30 katika C2 (Kiswahili hakitadhurika), kisha mtoe: =C2-B2.

Tatizo la pili ni baya zaidi kwa sababu hujificha. Vipindi 14 vya saa mbili mbili ni saa 28, lakini jumla huonyeshwa 4:00, maana kila zikitimia saa 24 kompyuta huanza siku mpya. Saa hazijapotea, badilisheni tu mwonekano wa kisanduku uwe [h]:mm.

Hata hivyo, ndani yake muda huhifadhiwa kama sehemu ya siku. Tuseme malipo ni shilingi 20,000 kwa saa: jumla izidishwe kwanza kwa 24, la sivyo mwalimu ataandikiwa shilingi 23,333 badala ya 560,000.