Deni la Nyumba na Kilo 300 za Korosho

Kusini mwa Tanzania nyumba nyingi hujengwa kwa awamu: mwaka huu msingi, mwakani kuta hadi usawa wa linta, na bati husubiri fedha za korosho. Ujenzi wa namna hiyo hauna riba, na hilo peke yake latosha kueleza kwa nini watu wanauamini. Lakini tangu kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba kilipozinduliwa Oktoba 2015, mwaka uleule ambao kiwanda cha saruji cha Dangote kilianza kazi katika wilaya hiyohiyo ya Mtwara Vijijini, mkoa umepata watu zaidi wenye mshahara wa kila mwezi wanaoweza kuingia benki na kuomba mkopo wa nyumba wa miaka 15 au 20. Nina hoja moja kwao. Kwa viwango vya riba vya Tanzania, mwenye deni la nyumba hana mahali pazuri zaidi pa kuweka akiba yake ndogondogo kuliko ndani ya deni lenyewe, na akiba hiyo ina nguvu kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo, wakati ambao wakopaji wengi huona bado ni mapema mno kuhangaika.

Mkopo wa nyumba wa muda mrefu bado ni mgeni kwetu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilianguka katikati ya miaka ya 1990, na kwa zaidi ya miaka kumi pengo lake halikuzibwa. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, pamoja na kuundwa kwa kampuni ya TMRC mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu, ndivyo vilivyofungua mlango tena. Hata hivyo jumla ya mikopo hii haijafika asilimia moja ya pato la taifa, na riba yake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Ushauri wa fedha unaotoka nchi ambako watu hukopa nyumba kwa asilimia tatu au nne hautufai hapa, kwa sababu kule kulipa deni mapema ni jambo la hiari tu, na hapa ni suala la makumi ya mamilioni.

Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 17, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, kwa miaka 15. Rejesho la mwezi linakuwa kama shilingi 769,500. Katika rejesho la kwanza, takriban shilingi 708,000 ni riba, na deni la msingi linapungua kwa shilingi 61,000 tu. Mkopaji akifuata ratiba hadi mwisho atakuwa amelipa zaidi ya milioni 138 kwa nyumba aliyokopea milioni 50. Sasa mpe huyohuyo shilingi laki moja ya ziada kila mwezi, iende moja kwa moja kwenye deni la msingi: mkopo unaisha ndani ya miaka 10 badala ya 15, na kiasi cha milioni 34 kinabaki mfukoni mwake. Nguvu ya kulipa mapema inaonekana vizuri zaidi kwa kufuata shilingi milioni moja peke yake. Ikilipwa mwanzoni kabisa inafuta karibu marejesho 15 ya mwisho, yaani zaidi ya milioni 11. Ikilipwa baada ya miaka 10, inafuta marejesho matatu. Fedha ni ileile na deni ni lilelile, ila ile ya mwanzo imezuia riba kwa miaka 15 na ile ya baadaye kwa miaka mitano. Ndiyo maana anayesema atabana matumizi mshahara ukipanda anajinyima sehemu bora ya akiba yake.

Laki moja kwa mwezi ni kama shilingi 3,300 kwa siku. Kwa mwenye mshahara wa kuweza mkopo kama huu, kiasi hicho hakitoki katika jambo moja kubwa. Kinatoka katika vifurushi vya simu vinavyonunuliwa kila siku badala ya mara moja kwa mwezi, bodaboda ya mwendo ambao daladala ingetosha, chakula cha mchana cha kununua, mkaa na sabuni vya kupimiwa kidogokidogo kwa bei ya juu. Mtwara ina njia nyingine, kwa kuwa waajiriwa wengi hapa wana mikorosho, yao wenyewe au ya familia. Katika minada ya kwanza ya msimu wa 2024/25 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo kilo 300 ni shilingi milioni 1.2, sawa na laki moja ya kila mwezi kwa mwaka mzima, kabla ya makato na gharama za salfa na palizi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotumika kwa korosho tangu 2007, hupitisha malipo ya mkulima kwenye akaunti ya benki. Hilo ni faida kubwa kwa mwenye deni, kwa sababu anaweza kuagiza sehemu ya fedha iingie kwenye mkopo siku inapofika, kabla haijageuka pikipiki mpya. Bei ya korosho hupanda na kushuka, ndiyo maana nashauri rejesho la lazima litegemee mshahara, korosho ibaki kuwa ya ziada.

Kuna wanaosema deni la shilingi hujipunguza lenyewe kwa mfumuko wa bei. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Katika miaka ya karibuni mfumuko wa bei nchini umekuwa kati ya asilimia tatu na nne, na anayetozwa 17 hawezi kuungojea umwokoe. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la hati fungani za serikali. Kwa nini usinunue hati ya miaka 20 au 25, ambayo kuponi yake imekuwa kati ya asilimia 12 na 16, ukaacha deni lijiendee? Jibu liko kwenye tofauti ya viwango: kukopa kwa 17 ili ukopeshe kwa 15 ni kupoteza mbili kila mwaka. Mwenye mkopo wa bei nafuu kupitia mwajiri wake, wa asilimia nane au tisa, ndiye pekee ambaye hesabu inamwambia anunue hati kwanza.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la dharura, maana fedha ikishaingia kwenye deni haitoki. Mtoto akilazwa hospitali ya Ligula usiku, benki haikurudishii laki zako za ziada. Na hapa Mtwara tunajua mtu asiye na akiba huishia wapi: kwenye kangomba, ambapo mnunuzi hutanguliza fedha au chakula kabla ya mavuno, kisha huchukua korosho kwa bei iliyo chini sana ya mnada. Serikali imepambana na biashara hiyo kwa miaka mingi, hasa msimu wa 2018/19 ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300, lakini kangomba haifi kwa amri maana mizizi yake ni njaa ya miezi ya kabla ya mavuno. Mtu anayepunguza deni la asilimia 17 kisha akauza korosho changa kwa nusu bei amejiumiza. Kwa hiyo akiba ya matumizi ya miezi mitatu hivi itangulie, hata ikichukua mwaka mzima kuijenga, ndipo laki ya kwanza iende benki.

Wengine wataona kubana huku ni ubahili, na ubahili katika jamii ya michango ya misiba na unyago ni aibu ya kweli. Siwezi kumshauri mtu ajitenge na watu wake kwa ajili ya nyumba. Mchango wa leo ndio mazishi yako ya kesho. Lakini katika gharama za shughuli kuna sehemu inayosaidia jirani na sehemu inayoshindana naye, na kila familia inaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Sare ya tatu na spika za kukodi usiku wa pili hazimzibi mtu pengo lolote.

Yote haya hutegemea mkataba. Riba ikiwa imepigwa mara moja juu ya mkopo wote tangu mwanzo, badala ya kufuata salio, kulipa mapema kunaweza kusikuokolee chochote mpaka benki ikubali kupunguza. Mikataba mingine hutoza ada kwa anayemaliza kabla ya muda. Waislamu wa mwambao wanaoikwepa riba wanaweza kuchukua nyumba kwa murabaha, ambapo bei imeshafungwa na punguzo la kulipa mapema hutegemea taasisi husika. Wanapaswa kuliuliza kabla ya kusaini. Mwenye kiwanja cha ardhi ya kijiji, kama ilivyo Madimba kwenyewe, mara nyingi hujenga kwa mkopo wa mshahara, maana hati ya kimila haikubaliwi na kila benki. Muda wa mkopo huo ni mfupi, kwa hiyo faida ya kuuwahi ni ndogo zaidi, ila haipotei. Na kila anayepeleka fedha ya ziada aandike barua kwamba inapunguza deni la msingi na muda wa mkopo ufupishwe, kwa sababu bila maelekezo benki inaweza kuihesabu kuwa rejesho la mwezi ujao lililowahi, na riba ikabaki vilevile. Aombe ratiba mpya kila mwaka, aihifadhi pamoja na risiti, na siku salio likifika sifuri asiondoke na pongezi peke yake: adai hati yake, kisha ahakikishe rehani imefutwa kwenye daftari la Msajili wa Hati.