Kitanda cha Yakobo na Fimbo Yake

Ukiwa na Biblia karibu nawe, ifungue katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 47, usome mstari wa 31. Hapo utamwona mzee Yakobo, aliye karibu kufa katika nchi ya Misri, akiinama penye kichwa cha kitanda. Kisha ufungue Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, mstari wa 21. Yakobo ni yule yule, na siku zake ni zile za mwisho, lakini hapa ameegemea fimbo.

Tofauti hiyo sikuiona mimi. Aliiona mvulana mmoja wa darasa langu, akasimama mbele ya wenzake akaniuliza, "Mwalimu, kipi ni kweli, kitanda au fimbo?" Nami kwa kuwa sikujua, nalimwambia aketi asiwapotezee wenziwe wakati. Aliketi, lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba amekwisha kukata shauri: ama kitabu kinasema uongo, ama mwalimu hajui kitu. Usiku ule sikulala vema. Wakati wa likizo nalimwendea pasta mmoja mzee aliyejifunza Kiebrania katika chuo cha wachungaji, nikamweleza habari ile. Yeye hakushangaa hata kidogo. Alichukua kalamu akaandika herufi tatu, akaniambia, "Kitanda ni hiki. Na fimbo ni hii hii."

Basi sikilizeni jinsi ilivyo. Kiebrania huandikwa toka mkono wa kuume kwenda wa kushoto, na herufi zake ni 22, nazo zote ni konsonanti. Waandishi wa kale hawakuandika irabu, yaani sauti za a, e, i, o, u, ila mara chache walitumia herufi fulani kuzidokeza. Msomaji alizitia irabu mwenyewe kwa kinywa chake. Labda utauliza, je, mtu aliwezaje kusoma hivyo? Jaribu kwa lugha yetu. Nikiandika ubaoni BB, huwezi kujua kama ni baba, babu, bibi au bubu. Lakini nikiandika kwamba BB amesuka ukili, na wajukuu wake wanamwita nyanya, hutakosa. Maneno jirani hukuonyesha njia. Waebrania nao waliijua lugha yao tangu kunyonya, na shida yao ilikuwa ndogo. Taabu huja pale ambapo maneno mawili yote mawili yanafaa.

Kwa Kiebrania kitanda huitwa mita, na fimbo huitwa mate, ile t ikitamkwa kwa mkazo. Herufi zake ni zile zile tatu: ya m, ya t, na ya h ambayo mwishoni haisikiki. Na mzee aliyedhoofika aweza kuinama kitandani, tena aweza kuegemea fimbo. Karne ya tatu kabla ya Kristo, Wayahudi waliokaa Aleksandria katika Misri walianza kuvifasiri vitabu vyao kwa Kiyunani, kwa kuwa wengi wao walikuwa wakinena lugha hiyo. Mfasiri wa kitabu cha Mwanzo alizisoma herufi zile tatu akaona fimbo. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania aliandika kwa Kiyunani, akaifuata tafsiri ile. Lakini Wayahudi waliokisoma kitabu kwa Kiebrania waliendelea kusema kitanda. Hakuna aliyesema uongo. Walitofautiana katika kuzisoma herufi zisizo na irabu.

Mimi mwenyewe naona kitanda kinafaa zaidi, maana katika sura ya 48, mstari wa 2, Yakobo anajitia nguvu na kuketi kitandani, na hapo hapana shaka. Lakini wako wenye elimu kunipita wapendao fimbo.

Sasa, tunajuaje jinsi Wayahudi walivyosoma? Watu walipoacha kunena Kiebrania nyumbani, wakazi wa nchi zile wakinena Kiaramu na Kiyunani, na baadaye Kiarabu, ilihofiwa kwamba matamshi ya kale yangesahauliwa. Kwa hiyo, kati ya karne ya saba na ya kumi baada ya Kristo, wataalamu waitwao Wamasoreti walitunga alama za irabu. Waliosifika zaidi walikaa Tiberia, mji ulio kando ya Bahari ya Galilaya. Watoto wa pwani waliosoma kwa herufi za Kiarabu wataelewa upesi, kwa kuwa alama hizo hufanana na zile za juu na chini ya herufi katika msahafu. Nukta moja chini ya herufi ni sauti ya i. Kistari kidogo ni a. Nukta tatu zilizokaa kama mafiga ya jiko lililogeuzwa, mbili juu na moja chini, ni e. Ukitia nukta moja chini ya herufi ya kwanza ya neno letu, umeanza kutandika kitanda. Ukitia kistari, umeshika fimbo.

Herufi zenyewe hawakuthubutu kuzigusa. Hata palipoonekana kosa, waliliacha lilivyo, wakaandika pembeni namna ipasavyo kusomwa. Tena walihesabu: mwishoni mwa kitabu cha Mwanzo waliandika kwamba mistari yake ni 1534, ili mwandishi atakayenakili asiweze kuacha mmoja bila kugunduliwa. Kitabu kimoja kilichotiwa irabu na Haruni ben Asheri yapata mwaka 930 kilihifadhiwa muda mrefu katika mji wa Aleppo, nchi ya Siria. Katika ghasia za mwaka 1947 sinagogi ilichomwa moto, na kurasa nyingi zikapotea. Zilizosalia zimo Yerusalemu. Kingine, kilichoandikwa Kairo yapata mwaka 1008, kimo mjini Saint Petersburg katika Urusi, nacho ni kizima.

Lakini hata vitabu hivyo ni vya jana tu ukivilinganisha na vilivyoonekana karibu na Bahari ya Chumvi. Yapata mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui waliingia katika pango la Qumran, wakakuta mitungi, na ndani yake magombo ya ngozi. Hadi mwaka 1956 mapango kumi na moja yalikuwa yamepatikana yenye maandiko. Gombo moja ni la nabii Isaya: vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu wake zaidi ya meta 7. Hilo limeitangulia kazi ya Wamasoreti kwa miaka elfu moja hivi. Wataalamu walipolilinganisha na vitabu vya baadaye waliona tofauti nyingi, nyingi zikiwa za tahajia. Hata hivyo kitabu ni kile kile.

Na kosa moja la mwandishi wake lanichekesha, kwa kuwa nimelisahihisha mara nyingi katika madaftari yenu. Katika sura ya 40, habari ya majani kukauka na ua kunyauka hutajwa mara mbili, mstari wa 7 na wa 8. Mwandishi aliandika ya kwanza, akainua macho, akarudi akashika ya pili, na yote ya katikati akayaruka. Mtu mwingine aliyaongeza baadaye, akiyabana kwa herufi ndogo mahali palipobaki nafasi.

Shule ilipofunguliwa naliyaeleza hayo yote darasani, nikaanza kwa kumwomba radhi yule mvulana. Siku ya pili aliniletea barua fupi, konsonanti tupu. Niliisoma bila shida hadi nilipofika aliposema kwamba baba yake kesho ataleta MTT shuleni. Nilisoma "matata", nikajiuliza nimemkosea nini mzee wa watu. Mvulana alicheka, akachukua kalamu, akatia nukta zake: matete, ya kujengea ua wa shule.