Thamani ya Fedha (Sehemu ya Sita): Nchi Ambayo Mtu Ni Ghali

Alhamisi, tarehe 15 Januari 2015, saa sita na nusu ya mchana kwa saa zetu, Benki ya Taifa ya Uswisi ilitangaza kwa maneno machache kwamba imeiacha ahadi iliyoiweka tarehe 6 Septemba 2011, ahadi ya kutokubali yuro ishuke chini ya franki moja na senti ishirini. Msomaji aliyefuatana nami tangu sehemu ya kwanza hana haja ya kuelezwa tena jinsi benki ya serikali iwezavyo kuishika bei ya fedha yake kama mvuvi aushikavyo mshipi, wala jinsi mshipi huo unavyokata vidole pindi samaki azidipo ukubwa. Basi siku ile vidole vilichoka, mshipi ukaachiwa, na katika muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa franki ikapaa. Dola ambayo Jumatano ilinunua franki moja na senti mbili, Alhamisi jioni haikununua hata senti tisini.

Ijumaa baada ya alasiri alinijia jirani yangu, mama wa makamo ambaye bintiye yumo masomoni katika mji wa Lausanne, ameshika bahasha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akakaa, akaifungua bahasha, akazipanga dola zake juu ya meza yangu. "Hizi nilizihesabu kuwa chakula cha mtoto cha miezi mitatu. Leo naambiwa hazifiki. Sikuzitoa hata moja. Nani kazila?"

Nilimwambia kwamba jawabu lake ni refu na lina mizizi, naye, kwa kuwa ananijua, akacheka akasema kwamba yaliyo marefu atayasoma gazetini. Haya basi.

Uswisi ilikuwa ghali kabla ya Alhamisi hiyo. Nilipofika Zurich kwa mara ya kwanza, miaka mingi nyuma, nikiwa mmoja wa walimu walioalikwa kwenye semina, kila bei niliigeuza kuwa shilingi kichwani mwangu, na kila nilipoigeuza hamu ya kula ilinitoka. Kufikia 2015 hali haikupungua: kikombe cha kahawa kilikuwa franki nne hata tano, kunyoa kichwa cha mwanamume kulikuwa franki arobaini na zaidi, na mfuko wa takataka (ambao haupatikani ila kwa kulipiwa ushuru wa mji) ule wa lita 35 ulikaribia franki mbili, maana huko mtu hulipia hata kile anachokitupa. Maji peke yake ndiyo niliyoyanywa bila ya hesabu, kwa kuwa mji ule una mabirika ya maji ya kububujika zaidi ya 1,200 barabarani na viwanjani, na maji yake ni safi, hayaulizwi wala hayalipiwi. Nilikunywa sana.

Siku ya tatu nilinunua mkate, na katika chenji nikapewa sarafu ndogo ya senti kumi, ambazo Waswisi wa lugha ya Kijerumani huziita rapeni. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha mwanamke aliye mfano wa Uhuru, na maneno ya Kilatini yaliyoizunguka. Upande wa pili tarakimu ya kumi katikati ya shada la majani. Nilipoigeuza nisome tarehe, niliona kwamba ilipigwa kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Mwuza mkate hakuitazama mara mbili. Sura ya sarafu hiyo haikubadilishwa tangu 1879, na ile iliyopigwa mwaka huo ingali halali sokoni hata leo, jambo ambalo nadhani halina mfano katika fedha nyingine yoyote itumikayo ulimwenguni. Msomaji ataniwia radhi nikikawia hapa, maana nina kisanduku nyumbani, na katika kisanduku hicho yamo makaburi ya fedha zetu. Katika umri wa sarafu moja ya Mswisi, pwani yetu imepokea na kuzika reale ya Sham yenye sura ya Maria Theresa na tarehe yake isiyosogea ya 1780, rupia ya Kihindi, rupia na heller za Wadachi, florini iliyokuja 1920 na kuondoka kabla watu hawajajifunza kuitamka, shilingi ya Afrika ya Mashariki, na baada ya 1966 shilingi za kila nchi kwa jina lake. Katika miaka ya 1950, wakati shilingi ishirini zilipofanya pauni moja na pauni ikipata franki kumi na mbili na ushei, shilingi moja ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na thamani ya senti sitini za Uswisi. Mwanzoni mwa 2015 franki moja ilizikaribia shilingi 2,000 za Tanzania. Sisemi zaidi, nisije nikamuudhi mtu wa hazina.

Walakini haifai kudhani kwamba Waswisi walizaliwa na sarafu hiyo mkononi. Kabla ya mwaka 1798 nchi yao ilikuwa na sarafu zaidi ya mia nane za namna mbalimbali, kila jimbo na kila mji ukipiga zake, hata monasteri nazo zikipiga. Na hawakuwa na fedha moja mpaka ilipotolewa sharia ya 1850, miaka miwili baada ya katiba yao ya muungano. Wala sarafu iliyo thabiti si chanzo cha ughali wa nchi. Ni dalili yake tu, kama mvi ilivyo dalili ya umri. Chanzo nimekitafuta kwa muda mrefu katika vitabu vya tarikhi yao, na nilichokiona ni hiki: ile ni nchi ambayo zamani mtu alikuwa rahisi kupita kiasi, na sasa mtu ni ghali.

Milima yao ilizaa mawe, theluji, jibini na vijana. Mawe na theluji havikupata mnunuzi, vijana walipata. Kwa muda wa karne kadhaa majimbo ya Uswisi yaliandikiana mikataba na wafalme wa Ulaya, jimbo likapokea fedha na mfalme akapokea askari, na kijana wa mlimani akaenda kufa katika ugomvi asioujua mwanzo wake. Papa wa Roma aliwaajiri tangu Januari 1506, na walinzi wake hata leo ni Waswisi. Mnamo Septemba 1515, karibu na Milano, walipigwa na mfalme wa Ufaransa kwa kipigo kikubwa. Na haukupita muda mrefu mfalme yule yule aliyewapiga akawa mwajiri wao mkubwa kuliko wote, kwani aliona kwa macho yake wanavyokufa. Mrithi wake wa baadaye, Louis wa kumi na sita, aliwaweka walinde kasri lake la Tuileries, na tarehe 10 Agosti 1792, wenye mapinduzi walipoivamia nyumba ile, mamia ya Waswisi waliuawa humo kwa ajili ya mfalme asiye wao. Katika mji wa Luzern yuko simba aliyechongwa katika jabali la mlima, mkuki umevunjikia mwilini mwake, kwa kuchorwa na Thorvaldsen wa Denmark. Ukumbusho huo ulimalizika 1821. Wageni humiminika kwenda kumtazama, wakapiga picha, kisha wakalalamika juu ya bei ya chakula cha mchana. Laiti wangejua kwamba simba yule na bei ile ni habari moja!

Wasiokwenda vitani walikwenda na njaa. Mlima Tambora, katika visiwa vya Indonesia, uliporipuka Aprili 1815, majivu yake yaliufunika uso wa jua, na mwaka 1816 kiangazi hakikuja Ulaya; katika mabonde ya Uswisi watu walikula majani. Mwaka 1819 yapata watu elfu mbili wa nchi hiyo walijipakia merikebuni kwenda Brazili kuanzisha mji wa Nova Friburgo, na mamia yao walizikwa baharini na njiani kabla ya kuuona. Lakini lililonichoma zaidi ni lile la watoto. Yatima, na watoto wa mafukara, na waliozaliwa nje ya ndoa, walikuwa wakichukuliwa na halmashauri za vijiji na kuwekwa kwa wakulima wawafanyie kazi. Na katika baadhi ya vijiji, katika karne ya kumi na tisa, uliitishwa mnada wa kinyume, mtoto akapewa yule mkulima aliyetaka malipo madogo kuliko wenzake kwa ajili ya kumlisha. Sisi watu wa pwani, ambao soko letu la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa 1873, tunaufahamu mnada wa watu unaopanda. Huu ulikuwa mnada unaoshuka. Desturi ya kuwaweka watoto hivyo iliendelea hata katikati ya karne iliyopita, na serikali yao ikaomba radhi kwa wahanga hadharani mwezi wa Aprili 2013.

Watu hao wakawaje ghali? Kwa viwanda vya saa, mashine na dawa, ndiyo. Lakini fauka ya viwanda, kwa sharia. Jimbo dogo la Glarus, lililojaa viwanda vya nguo, lilikata shauri mwaka 1864 kwamba mtu kiwandani asifanye kazi zaidi ya saa kumi na mbili kwa siku, na mwaka 1877 nchi nzima, kwa kura, iliteremsha kikomo hicho kuwa saa kumi na moja na kuwakataza watoto walio chini ya miaka kumi na minne wasiingie viwandani kabisa. Wenye viwanda walipiga kelele kwamba wataangamia. Hawakuangamia. Mtu alipoacha kuwa rahisi, iliwalazimu watafute mashine iliyo bora na fundi aliye hodari, na kazi ya mikono miwili ikaanza kutoa thamani ya mikono ishirini.

Na hapa ndipo anapoingia kinyozi. Kinyozi wa Zurich ana mkasi na kitana kama kinyozi wa Tanga, wala hanyoi vichwa vingi zaidi kwa saa; pengine hunyoa vichache, maana wateja wake ni wenye maneno. Kwa nini basi apate mara kumi na zaidi? Wanachuoni wawili, Béla Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kwa kalamu yake, walilieleza jambo hilo katika mwaka mmoja, 1964. Maadamu mtengeneza saa anauza kazi yake ulimwengu mzima na kupata ujira mkubwa, kinyozi aliye mtaa mmoja naye asipopata ujira unaokaribiana na huo ataacha kiti chake aende akatengeneze saa. Na kichwa cha mtu hakiwezi kupakiwa melini kikanyolewe mahali palipo rahisi. Kwa hiyo ughali wa saa humwaga riziki kwa kinyozi, na kutoka kwake kwa mwuza mkate, na kwa mfagizi, na kwa mwenye mkahawa, mpaka mgeni anapokuja kuulipa wote katika kikombe kimoja cha kahawa. Nyama ina sababu yake nyingine, yaani ushuru mkubwa wanaoutoza ya kigeni ili mkulima wa mlimani asikimbie mlima.

Nimewaona watu wetu wa heshima, wenye kuisifu Ulaya kila Ijumaa barazani, wakibishana na fundi viatu kwa shilingi mia mbili, wakamtoa jasho la pili baada ya kazi kumtoa la kwanza, kisha wakaondoka wakijiona ni werevu. Mtu huyo huyo akifika Geneva hulipa franki arobaini kwa kinyozi, akasema ahsante. Sitaki kuficha kwamba Waswisi wenyewe wana vioja vyao: mwezi wa Mei 2014 waliulizwa kwa kura kama wanataka sharia iweke ujira wa chini kuwa franki 22 kwa saa katika nchi nzima, nao robo tatu na ushei wakakataa.

Nafasi imenibana, na mama yule bado anangoja. Dola zake hakuna aliyezila. Watu wa dunia, kila wakiingiwa na hofu, hukimbilia kununua franki kama watu wa bandarini wakimbiliavyo nyumba ya mawe siku ya tufani, na benki ya Waswisi kwa miaka mitatu na ushei ilikuwa ikichapa franki na kununua yuro ili bei isipande, mpaka ikachoka. Bintiye asifanye papara. Ng'ambo ya ziwa, safari fupi ya meli kutoka Lausanne, uko mji wa Évian wa Ufaransa ambako fedha yake ya franki imekuwa na nguvu kuliko juzi, na forodha, katika mwaka huo wa 2015, ilimruhusu kuingiza vitu vya franki 300 kwa siku bila ya kodi, ingawa nyama, tangu Julai 2014, ilikuwa kilo moja tu. Akibaki upande wake, na aende Migros, duka lililoanzishwa na Gottlieb Duttweiler mwaka 1925 kwa magari matano yaliyouza kahawa, mchele, sukari, tambi, mafuta ya nazi na sabuni kwa bei ya kuwakomoa wenye maduka, na ambalo tajiri huyo aliwageuzia wateja wake kuwa ushirika mwaka 1941; wala ndani yake haiuzwi pombe, jambo litakalompendeza mama yake.

Jioni ile, kabla ya kuondoka, alikiona kisanduku changu mezani, akaiokota ile rapeni kumi.

"Mwalimu, hii bado inanunua kitu huko?"

Nikamwambia naam, inanunua, ingali halali kabisa.

"Basi nipe niitie humu bahashani. Itamsaidia mtoto."

Nikamwambia kwamba sarafu ile si ya kutumika.