Kapasita Iliyopunja Kibaba

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Ielekezeni santuri hii kwenye taa. Mnauona ule mstari mwembamba unaozunguka toka ukingoni hadi katikati? Huo ndio mfereji wa sindano. Besi huuyumbisha sana. Ingechongwa kwa nguvu zake zote, mzunguko mmoja wa mfereji ungeingia shambani kwa mwenzake. Sauti za juu nazo huchonga mawimbi madogo mno, hata yakamezwa na mchakacho.

Wachongaji wakafanya ujanja: besi wakaipunguza, sauti za juu wakaziongeza. Kila kampuni ilikuwa na kipimo chake, mpaka mwaka 1954 huko Marekani, chama cha kampuni za santuri, RIAA, kilipoweka kanuni moja. Preampu, hiki kisanduku kinachokaa kati ya sindano na amplifaya, kazi yake ni kurudisha kilichopunguzwa na kuondoa kilichozidishwa.

Kanuni hiyo ina namba tatu: mikrosekunde 3180, 318 na 75. Tunazipata kwa rezista na kapasita. Zidisha kilo-omu za rezista kwa nanofaradi za kapasita, jibu ni mikrosekunde. Haya, 7.5 mara 10? Sabini na tano! Mmepata.

Basi preampu yangu ya kwanza niliiunda kwa kufuata mchoro, lehemu ikang'aa kama lulu. Kuweka santuri, matoazi yakawa makali, yanachoma masikio. Nikaing'oa kapasita ya sauti za juu, nikaipima. Ubavuni imeandikwa 10, mita inasema 9.2. Imenipunja! Zidisheni tena: ni 69, si 75. Kumbe sauti za juu hazikuwa zikipunguzwa vya kutosha.

Nifanyeje? Kapasita zikikaa sambamba hujumlishana. Nikatafuta ndogo ya 0.82, nikailehemu ubavuni pa ile kubwa. Mita ikasoma 10.02. Haba na haba hujaza kibaba! Rezista zenyewe hujumlishana zikifuatana, moja nyuma ya nyingine. Lakini angalieni: jozi yangu hii ya rezista na kapasita ilijitenga peke yake. Katika saketi nyingi jozi zote hushikana mikono. Ukigusa moja, nyingine nayo husogea, na hesabu inaanza upya.

Eti mnataka kumsikia Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu? Bibi huyo alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, miaka 26 kabla ya kanuni yetu. Sauti za juu za santuri zake hazikuongezwa kwa kipimo hiki. Nikimpitisha kwenye preampu hii, sahihi kama ilivyo, atasikika kama anayeimba amejifunika blanketi. Ndiyo maana nikaweka swichi hii ndogo, ya kuiondoa ile kapasita njiani.

Haya, nani ataibonyeza?